Kutoka Mtutu hadi Darubini: Historia ya Kuhesabu Mabata na Shakwe Kwenye Maziwa Yanayoganda

Kila mwaka, kati ya tarehe 14 Desemba na tarehe 5 Januari, maelfu ya watu nchini Marekani na Kanada huenda kwenye kingo za maziwa na mito ambayo sehemu yake imeshika barafu, wakahesabu mabata, mabata bukini na shakwe waliosongamana katika maji machache yaliyobaki wazi. Desturi hiyo, ambayo ilianza mwaka 1900, ilizaliwa katika jamii iliyokuwa imezoea kuwaendea ndege haohao, katika msimu huohuo, kwa bunduki na gunia. Historia yake ni historia ya namna jamii moja ilivyoacha kuhesabu mizoga na kuanza kuhesabu viumbe hai, na ya namna hesabu hiyo, iliyofanywa kwa subira na watu wa kawaida kwa zaidi ya karne moja, ilivyogeuka kuwa ushahidi ambao hakuna maabara ingeweza kuutoa peke yake.

Ili kuelewa kwa nini desturi hiyo ilishika mizizi kandokando ya maji yanayoganda nusu, ni lazima kwanza kueleza tabia ya maji yenyewe. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hubaki juu, na yakifikia nyuzi sifuri huganda, ndiyo maana ziwa huanza kuganda juu na viumbe wa chini huendelea kuishi. Ziwa lenye kina kirefu huhifadhi joto la kiangazi kwa muda mrefu na huchelewa kuganda, ilhali ziwa la kina kifupi hufungwa upesi. Miongoni mwa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, ambayo ni Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, tofauti hiyo huonekana waziwazi: Erie, lenye kina cha wastani wa mita 19 tu, hufunikwa karibu lote katika miaka ya baridi kali, lakini Ontario, lenye kina cha wastani wa mita 86, ni nadra kufunikwa kabisa. Hata katika maziwa madogo hubaki mianya ya maji wazi penye chemchemi, penye mlango wa mto, penye upepo unaovunja barafu, au penye mitambo ya umeme inayomwaga maji ya uvuguvugu.

Katika mianya hiyo ndimo ndege hukutana. Bata jicho-dhahabu, ambaye dume lake lina kichwa cheusi chenye mng'ao wa kijani na doa jeupe la mviringo shavuni, hupiga mbizi kutafuta konokono na wadudu wa majini; bata mdomo-msumeno, ambaye mdomo wake una meno madogo ya kushikia samaki, huwinda katika maji maangavu; na bata mkia-mrefu, mgeni kutoka Aktiki, huweza kuzama hadi mita 60 chini ya uso wa maji. Shakwe nao husimama kwenye ukingo wa barafu, wakisubiri samaki waliodhoofika au wakinyang'anya chakula walichokipata mabata. Ndege hawa hustahimili baridi kwa sababu mishipa inayopeleka damu ya moto miguuni hupita sambamba na mishipa inayorudisha damu iliyopoa, hivyo joto huhama kutoka mshipa mmoja hadi mwingine kabla ya kupotea, na mguu uliokanyaga barafu hubaki na joto la kutosha tu kuuzuia usigande. Kinachowashinda ni njaa, kwa kuwa mwanya ukifungwa, mlango wa chakula nao hufungwa, na ndege hulazimika kuhama usiku huohuo au kufa.

Msongamano huo ndio uliowavutia wawindaji wa karne ya 19. Uwindaji wa sokoni, yaani uwindaji ambao lengo lake lilikuwa kuuza nyama mijini badala ya kulisha familia, ulitumia bunduki kubwa zilizofungwa kwenye mitumbwi, na mfyatuo mmoja uliweza kuangusha mabata wengi kwa pamoja. Reli zilipofika katika majimbo ya kati, ndege waliouawa asubuhi walisafirishwa ndani ya mapipa hadi masoko ya Chicago na New York. Sambamba na biashara hiyo kulikuwa na mchezo wa Krismasi ambamo wanaume waligawanyika katika makundi mawili, wakaingia porini na bunduki, na jioni kundi lenye rundo kubwa zaidi la ndege na wanyama likatangazwa mshindi. Hakuna aliyeuliza rundo hilo lilikuwa na spishi gani, wala mwaka uliofuata wangebaki wangapi.

Shakwe walikabiliwa na hatari ya namna nyingine. Mabawa na manyoya yao meupe, pamoja na yale ya yangeyange, yalipamba kofia za wanawake wa mijini, na mayai yao yalikusanywa visiwani kwa ajili ya kuliwa. Mwaka 1886, kijana aitwaye Frank Chapman alitembea katika mitaa ya maduka ya Manhattan na kuchunguza kofia zipatazo 700. Zaidi ya robo tatu zilikuwa na manyoya, na kutokana na mabaki hayo aliweza kutambua spishi 40 za ndege wa porini. Orodha hiyo ya kofia inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndani yake mna mbinu yote aliyoitumia baadaye: kwenda mahali panapojulikana, kuangalia kwa makini, kutaja kila spishi, na kuandika idadi.

Chapman, aliyezaliwa mwaka 1864, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliacha kazi ya benki ili ajifunze ndege, na mwaka 1888 akaajiriwa na Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani, jijini New York. Mwaka 1899 alianzisha jarida la Bird-Lore, na katika toleo la Desemba 1900 alipendekeza kwamba siku ya Krismasi, badala ya kuua, watu wahesabu ndege na kumpelekea matokeo. Siku hiyo watu 27 waliitikia katika maeneo 25, kuanzia Toronto nchini Kanada hadi Pacific Grove katika jimbo la California, wakarekodi spishi zipatazo 90 na ndege wapatao 18,500. Idadi hiyo ilikuwa ndogo, lakini Chapman alikuwa ameelewa kwamba desturi ya zamani haiondolewi kwa kukemewa tu. Aliwaachia watu siku yao ya sikukuu, ushindani wao wa makundi na furaha ya kutoka nje katika baridi, kisha akabadilisha kitu kimoja tu, yaani kilicholetwa nyumbani jioni.

Wakati huohuo sheria zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1896 wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianzisha Chama cha Audubon cha Massachusetts ili kuwashawishi wenzao waache kuvaa manyoya, na kuanzia mwaka 1900 walinzi walilipwa kwa michango ya watu binafsi ili kulinda makoloni ya shakwe katika pwani ya Maine. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyotia sahihi kwa niaba ya Kanada, zilikubaliana kuwalinda ndege wanaohama. Mkataba huo ulipewa nguvu ya sheria nchini Marekani mwaka 1918, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikauthibitisha mwaka 1920. Biashara ya nyama ya mabata mwitu ikapigwa marufuku, uwindaji wa burudani ukawekewa misimu na mipaka, na shakwe wakaanza kurejea.

Hata hivyo, kuhesabu ndege walio hai kulileta tatizo ambalo wawindaji hawakuwa nalo. Ndege aliyeuawa huweza kugeuzwa mkononi, kupimwa na kulinganishwa na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho, lakini yule anayeelea mita 300 kutoka ufukweni, katikati ya mvuke unaopanda kutoka kwenye maji, hutambuliwa kwa umbo na mwendo tu. Wataalamu wengi wa mwanzo wa karne ya 20 hawakukubali taarifa ya ndege adimu isiyo na mzoga. Mtu aliyefanya juhudi kubwa kubadilisha msimamo huo alikuwa Ludlow Griscom, aliyeishi kati ya 1890 na 1959, ambaye alionyesha kwamba jicho lililofundishwa, likisaidiwa na darubini, huweza kutenganisha spishi kwa alama chache zinazoonekana kwa mbali. Vijana wa klabu ya ndege ya Bronx, iliyoundwa mwaka 1924, walimfuata kama wanafunzi wanavyomfuata mwalimu wao, wakizunguka majira ya baridi katika bandari, mabwawa na majalala ya New York, mahali ambapo shakwe na hata bundi weupe wa Aktiki walipatikana.

Miongoni mwa waliojiunga na vijana hao alikuwa Roger Tory Peterson, mzaliwa wa Jamestown katika jimbo la New York, ambaye mwaka 1934 alichapisha mwongozo wa kutambua ndege uliotoka kwanza kwa nakala 2,000 na kuuzwa haraka. Peterson aliwachora mabata wakielea kama wanavyoonekana kwa mbali, akionyesha kwa mishale midogo alama moja au mbili zinazotosha kumtenga kila mmoja na wenzake. Mwongozo huo ulimpa karani, mwalimu na mwanafunzi uwezo ambao hapo awali ulikuwa wa wachache wenye funguo za makabati ya makumbusho, na bila uwezo huo hesabu ya Krismasi isingeweza kuenea.

Mabata walikuwa somo jepesi, kwa kuwa madume yao hufika majira ya baridi wakiwa tayari wamevaa rangi kamili. Shakwe walikuwa mtihani. Shakwe mkubwa wa kijivu wa Amerika, anayeitwa na wataalamu Larus smithsonianus, huchukua takriban miaka minne kufikia rangi ya utu uzima; katika mwaka wa kwanza huwa wa kahawia mwili mzima, kisha mgongo huanza kuwa wa kijivu, mdomo hubadilika kutoka mweusi kuwa wa njano wenye doa jekundu, na mkia mweusi hugeuka mweupe. Shakwe mdomo-pete hupitia safari hiyo kwa miaka mitatu, na shakwe wa Bonaparte, aliye mdogo na mwepesi, kwa miwili. Kwa kuwa kila ndege hubadilisha manyoya kwa awamu ndani ya mwaka, kundi moja kwenye barafu huweza kuwa na sura nyingi kuliko idadi ya spishi zilizomo. Mwaka 1925 Jonathan Dwight, daktari aliyegeukia elimu ya ndege, alichapisha uchunguzi mpana wa manyoya ya shakwe wote wa dunia, na mwaka 1982 Mwingereza P. J. Grant alitoa mwongozo uliowafundisha watazamaji kuanza na umri wa shakwe kabla ya kutaja spishi yake. Mjadala haujaisha: mwaka 2017 Chama cha Ornitholojia cha Marekani kiliamua kwamba shakwe wa Thayer, aliyehesabiwa kwa miaka mingi kama spishi inayojitegemea, ni sehemu ya spishi ya shakwe wa Iceland.

Utaratibu wa siku ya hesabu unafaa kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa thamani ya matokeo imo ndani yake. Kila eneo ni duara lenye kipenyo cha kilomita 24, ambalo halihamishwi kutoka mwaka hadi mwaka, na hugawanywa baina ya vikundi ili pasiwepo sehemu inayohesabiwa mara mbili. Kikundi kilichopewa ziwa hufika alfajiri, kabla shakwe waliolala kwenye barafu hawajatawanyika kwenda kutafuta chakula, husimamisha darubini ya miguu mitatu mahali ambapo jua litakuwa nyuma yao, na kulipitia kundi kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakianza na spishi iliyo nyingi na kurudia kwa kila spishi nyingine. Mabata wanaopiga mbizi hudai subira zaidi, kwa sababu wakati wowote sehemu ya kundi huwa chini ya maji, hivyo hesabu hurudiwa hadi idadi kubwa zaidi ipatikane. Jioni, pamoja na majina na idadi, huandikwa saa zilizotumika, umbali uliotembewa na hali ya hewa, na fomu huuliza waziwazi kama maji yaliyotuama yalikuwa wazi, yameganda, au yameganda kwa sehemu.

Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Ziwa likiwa wazi lote, mabata hutawanyika mbali na ufukwe na wengi hawaonekani. Likiganda kwa sehemu, hukusanyika mbele ya macho ya wahesabuji. Likiganda lote, huondoka. Bila kuandika hali ya barafu, mtu angeweza kudhani kwamba spishi fulani imeongezeka au imepungua, ilhali kilichobadilika ni mwanya tu. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014, barafu ilifunika zaidi ya asilimia 92 ya eneo la Maziwa Makuu ya Amerika, na ndege ambao kwa kawaida hubaki katikati ya maziwa, wakiwemo vibisi wenye shingo nyekundu, walionekana kwenye mito na mabwawa ya bara. Kumbukumbu za barafu ndizo zinazoeleza mwonekano huo, ambao vinginevyo ungekuwa kitendawili.

Mahali panapoonyesha vizuri nguvu ya maji wazi ni Mto Niagara, unaotiririka kutoka Ziwa Erie hadi Ziwa Ontario katika mpaka wa Kanada na Marekani. Kasi ya maji yake huzuia barafu kuufunga, na samaki wadogo wanaopita kwenye maporomoko na kwenye mitambo ya umeme hufika chini wakiwa wamezubaa au wamekufa, wakawa karamu ya shakwe. Mwezi Novemba na Desemba makumi ya maelfu ya shakwe hukusanyika hapo, na spishi 19 zimewahi kurekodiwa katika mto huo. Watazamaji husimama juu ya bonde karibu na mitambo ya umeme ya Sir Adam Beck, wakiwaangalia shakwe kwa juu, nafasi ambayo ni adimu mahali pengine. Mwaka 1996 mto huo ulitambuliwa kuwa eneo muhimu la ndege kwa kiwango cha dunia, la kwanza kuvuka mpaka wa nchi hizo mbili.

Mfano mwingine unahusu bata maji mpiga-tarumbeta, ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu na sauti nzito, aliyewindwa kwa ajili ya ngozi na manyoya ya kuandikia hata mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakajulikana kuwa wamebaki wasiofikia 70 tu kusini mwa mpaka wa Kanada. Waliosalia walikuwa katika nyanda za juu za Yellowstone na jirani zake, mahali penye baridi kali kupita kiasi, lakini penye chemchemi za maji moto zinazozuia sehemu za maziwa na mito zisigande. Mwaka 1935 hifadhi ya Red Rock Lakes ilianzishwa katika jimbo la Montana kwa ajili yao. Baadaye makundi mengine yaligunduliwa Alaska, na hesabu ya mwaka 2015 ilionyesha zaidi ya ndege 60,000 katika bara zima. Spishi iliyokaribia kutoweka ilivushwa na mianya michache ya maji, pamoja na watu waliojua idadi ya waliomo.

Kutoka Marekani, wazo la kuhesabu katikati ya majira ya baridi, wakati ndege wametulia na hawahami tena, lilipata sura ya kiserikali na kisha ya kimataifa. Kuanzia mwaka 1935, ukame ulipokuwa umekausha mabwawa ya kuzalia, serikali ya Marekani ilianza kuhesabu mabata kila Januari ili kupanga misimu ya uwindaji. Mwaka 1967 ilianza sensa ya kimataifa ya ndege wa majini iliyohusisha nchi nyingi za Ulaya, na takwimu zake zikasaidia utekelezaji wa Mkataba wa Ramsar wa tarehe 2 Februari 1971 kuhusu ardhi oevu, ambao chini yake eneo linalohifadhi mara kwa mara asilimia moja ya ndege wa spishi au jamii moja huweza kutambuliwa kuwa muhimu kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sensa hiyo ilienea Afrika, na tangu hapo wahesabuji nchini Kenya wamekuwa wakienda kila Januari kwenye maziwa kama Naivasha, Nakuru na Elementaita. Baadhi ya ndege wanaohesabiwa hapo ni wale waliokimbia barafu: bata mdomo-koleo na bata mkia-mchongoko hushuka kutoka Ulaya na Asia hadi Bonde la Ufa, na shakwe wenye mgongo mweusi kutoka eneo la Baltiki hufika hadi Ziwa Viktoria. Anayehesabu Naivasha na anayehesabu kwenye barafu ya kaskazini wanajaza sehemu mbili za kitabu kimoja.

Kumbukumbu hizo zimefichua mengi yasiyotarajiwa. Shakwe mdomo-pete, aliyekaribia kutoweka katika Maziwa Makuu ya Amerika mwanzoni mwa karne ya 20, aliongezeka kwa kasi katika nusu ya pili ya karne hiyo, akinufaika na ulinzi pamoja na majalala ya miji. Kome wa milia, walioingia katika maziwa hayo mwishoni mwa miaka ya 1980 ndani ya maji ya kusawazishia meli, waligeuka chakula cha mabata wanaopiga mbizi na kubadilisha mahali wanapokusanyika. Mwaka 2009 uchambuzi wa miaka 40 ya hesabu za Krismasi ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya spishi 305 zilizochunguzwa zilikuwa zimesogeza makazi yao ya majira ya baridi kuelekea kaskazini. Ushahidi huo unakubaliana na kumbukumbu za barafu zenyewe: Ziwa Mendota katika jiji la Madison nchini Marekani, ambalo tarehe zake za kuganda na kuyeyuka zimeandikwa tangu miaka ya 1850, sasa hukaa na barafu kwa takriban mwezi mmoja pungufu ya ilivyokuwa wakati huo.

Funzo kuu la historia hii linahusu nani anaweza kuchangia maarifa. Leo hesabu ya Krismasi hufanyika katika maduara zaidi ya 2,000 na huwashirikisha makumi ya maelfu ya watu, ambao wengi wao hawajawahi kuwa wanasayansi kwa kazi. Mchango wao mkubwa hautokani na siku walizoona ndege adimu, kwa kuwa siku hizo ni chache. Unatokana na miaka waliyorudi mahali palepale, wakaandika mabata walewale wa kawaida, na wakaandika sifuri pale ambapo hapakuwa na kitu. Mfululizo wa namna hiyo ukikatika hauwezi kuungwa baadaye, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi kuhesabu ndege wa mwaka uliopita. Kwa hiyo maziwa ya Afrika Mashariki, ambayo hesabu zake bado ni changa kuliko za kaskazini, yanahitaji jambo lilelile ambalo Chapman aliliomba mwaka 1900: watu wachache wenye nidhamu, waliopewa mafunzo na vifaa, watakaokwenda kila Januari bila kukosa, na taasisi zitakazotunza walichokiandika kwa faida ya wale watakaokihitaji baada ya miaka 100.